Kunukia, Kubadilishwa, Kufunguka: Uhakiki wa Kichwa Kimoja cha Kemia

Makusudi ya makala haya ni kuhakiki maneno machache tu, nayo ni maneno yangu mwenyewe. Sisi tulio wanafunzi wa lugha tumezoea kuzitia mizanini kazi za watu wengine, lakini ni nadra kuziweka zetu humo. Nathubutu kufanya hivyo hapa kwa kuwa kosa nililolifanya si langu peke yangu. Ni kosa la mazoea, na mazoea hayo ndiyo yatumikayo kila mara tunapokaa kutafuta istilahi za sayansi.

Mwenzangu mmoja, mwalimu wa kemia, aliniomba nimsaidie kuandaa kwa Kiswahili mhadhara juu ya namna moja ya kujenga molekuli. Nilianza na kichwa, nikakifanyia kazi jioni nzima, na asubuhi nikampa hiki: “Utengenezaji wa Kampaundi za Kunukia Zilizobadilishwa kwa Joto na Nuru.” Akakisoma mara mbili. Kisha akasema, “Mwalimu, Kiswahili chake ni kizuri sana. Lakini hizo kampaundi hazinukii, hazikubadilishwa, na kama zingebadilishwa, si kwa joto na nuru.” Nilicheka pamoja naye, lakini nilipofika nyumbani sikuweza kucheka tena. Kila neno nililitoa katika kamusi, kila neno lilikuwa sawa na mwenzake wa Kiingereza, na yote kwa pamoja yalikuwa uongo. Yafaa tuulize jambo hili huwaje.

Kwanza msomaji apate habari ya kitu chenyewe, maana hakuna uhakiki wa jina pasipo kujua kinachoitwa. Benzeni ni kimiminika ambacho molekuli yake ina atomi 6 za kaboni zilizoshikana zikafanya pete, na kila kaboni imebeba atomi 1 ya haidrojeni. Michael Faraday alikitenga London mwaka 1825 kutoka katika mafuta yaliyojitenga gesi ya taa iliposhindiliwa. Na August Kekulé alipendekeza sura ya pete mwaka 1865. Dawa nyingi, rangi nyingi na plastiki nyingi zina pete ya namna hii ndani yake, ila mahali pa haidrojeni moja au zaidi pana kundi jingine la atomi. Kwa muda mrefu wakemia walizipata kampaundi hizo kwa kuanza na pete iliyokwisha kuwa pete. Njia mashuhuri ni ile ya Charles Friedel na James Crafts ya mwaka 1877: haidrojeni hutolewa na kundi jingine hukaa badala yake. Shida ya njia hii ni kwamba kundi lililotangulia ndilo liamualo lile la pili likae wapi. Ni kama barazani: aliyetangulia kuketi ndiye anayempangia nafasi anayekuja baadaye, na kama mpango wake si ule unaoutaka, huna la kufanya ila kuzunguka kwa njia ndefu.

Mwaka 1984 Rick Danheiser na wenzake, katika Massachusetts Institute of Technology huko Marekani, walitangaza njia nyingine. Wao hawakuanza na pete ya benzeni hata kidogo. Walichukua vipande viwili vidogo, kila kimoja kikiwa na makundi yake tayari, wakavitia joto katika chombo kimoja, na pete ikajengeka humo pamoja na makundi yake yote, kila moja mahali pake. Mwaka 1990 walionyesha kwamba kipande cha kwanza chaweza pia kupatikana kwa nuru, na kwa njia hiyo wakajenga pete zilizoungana na pete nyingine. Hii ndiyo habari ambayo mwenzangu alitaka kuwaeleza wanafunzi wake. Sasa natuyatazame maneno niliyompa.

Neno la kwanza ni “kunukia”. Kiingereza na lugha nyingi za Ulaya huziita kampaundi hizi kwa neno litokanalo na harufu ya viungo na manukato. Neno hilo lilianza kutumika katika kemia katikati ya karne ya 19, kwa kuwa baadhi ya kampaundi za kwanza kujulikana zilipatikana katika utomvu na mafuta ya miti yenye harufu. Leo maana yake ya kikemia haihusiani na pua. Hueleza namna elektroni zinavyotawanyika katika pete na kuipa uthabiti wa pekee, jambo ambalo Erich Hückel alilipatia kanuni mwaka 1931.

Mkemia wa Kiingereza halimpotezi neno hilo, kwa sababu kwake limekwisha kufa. Halimletei harufu yoyote. Lakini mimi nilipolitafsiri, nililifufua. Tena nilifanya vibaya zaidi, kwani Kiswahili hakina kitenzi kisichoegemea upande. Kinachotoa harufu mbaya hunuka, na chenye harufu nzuri hunukia. Kwa hiyo sarufi ilinilazimisha niseme jambo ambalo Kiingereza hakikulisema, kwamba kampaundi zote hizi zina harufu nzuri. Piridini ni mojawapo ya jamii hii, nayo hunuka vibaya sana. Kwa upande mwingine mchaichai hunukia, na harufu yake yatokana hasa na sitrali, ambayo molekuli yake haina pete. Karafuu ya Unguja na Pemba yanukia, na ujenoli iliyomo ni pete ya benzeni yenye makundi matatu. Basi vitu viwili vyanukia, kimoja kina pete na kingine hakina; harufu haikutufundisha neno. Kuna na hatari: benzeni yenyewe ina harufu tamu kidogo, nayo husababisha saratani ya damu. Mwanafunzi aliyefundishwa kuiita kampaundi ya kunukia asilaumiwe akiinusa.

Je, tuiteje? Wapo watakaosema tutafute neno jipya la Kibantu. Mimi nimefikia shauri la kukopa, tuseme “aromatiki”. Neno hili kwa msomaji wetu ni jiwe tupu, halina picha. Na hiyo ndiyo fadhila yake, maana lisilo na picha haliwezi kutoa picha ya uongo. Mwalimu atalieleza na mwanafunzi atalijaza. Ama kuhusu aibu ya kukopa, natoa kisa kimoja. Neno benzeni latokana na utomvu wa mti ambao Waarabu waliuita lubani ya Java. Watu wa kusini mwa Ulaya waliposikia jina hilo, waliidhania silabi ya kwanza kuwa kitambulishi cha nomino, wakaikata. Neno likapita mdomo kwa mdomo hadi likawa jina la asidi, na mwaka 1833 Eilhard Mitscherlich alipoipata benzeni kutokana na asidi hiyo, akaipa jina kwa kuufuata utomvu. Na sisi huku pwani lubani hiyo hiyo tuliipokea, tukaiacha l, na u iliyobaki ikakaa mahali pa kiambishi cha ngeli; tukapata ubani. Basi benzeni na ubani ni ndugu waliolelewa katika nyumba mbali mbali. Anayeona haya kukopa benzeni akumbuke kwamba ubani nao ulikopwa.

Neno la pili ni “zilizobadilishwa”. Hapa kosa ni kubwa kuliko la kwanza, kwa sababu lagusa kiini cha habari yenyewe. Kiingereza kina neno moja kwa kitu kilichowekwa mahali pa kingine, nalo hutumika kwa pete yoyote iliyobeba kitu kisicho haidrojeni. Nikalitafutia kitenzi, nikapata kubadilisha. Lakini kubadilisha ni kukifanya kitu kiwe namna nyingine, au kutoa hiki na kupokea kile. Ni kitenzi chenye hadithi ndani yake, hadithi ya kabla na baada. Hadithi hiyo yafaa kwa Friedel na Crafts, maana wao kweli walikuwa na pete kabla, na baada yake wakawa na pete iliyobadilishwa. Kwa njia ya Danheiser hadithi hiyo si ya kweli. Makundi hayakuchukua nafasi ya haidrojeni yoyote katika pete, kwa kuwa yalikuwapo pete ilipokuwa bado haipo. Ni tofauti ya fundi atoboaye ukuta uliokwisha kukauka ili atie dirisha, na fundi aachaye nafasi ya dirisha huku akipanda na ukuta. Mwenzangu alitaka kuwaambia wanafunzi kwamba huyu fundi wa pili amepatikana. Na kichwa changu kilimtaja wa kwanza.

Nilijaribu kulirekebisha kwa “vipachikwa”, neno lenye sura nzuri, lakini kiambishi cha kutendwa kilichomo ndani yake kimerudisha hadithi ile ile kwa mlango wa nyuma: kilichopachikwa kina aliyekipachika, na kabla ya kupachikwa palikuwa patupu. Mwishowe nimeridhika na “matawi”. Tawi laeleza hali ya sasa wala halidai historia. Waweza kulisema tawi lililootea shinani, na waweza kulisema hata tawi lililounganishwa na mkulima. Pete yenye matawi matatu ni pete yenye matawi matatu, hata ikiwa imetoka kiwandani au katika karafuu.

Neno la tatu si neno bali ni mpangilio: “kwa joto na nuru”. Lina kasoro mbili. Kasoro ya kwanza ni ya sarufi, nayo ni aibu kwa mtu wa kazi yangu. Msomaji hawezi kujua maneno haya yameegemea “utengenezaji” au “zilizobadilishwa”. Na kwa kuwa la pili liko karibu, atafahamu kwamba kampaundi zilikuwapo, kisha joto na nuru vikazibadilisha. Kasoro ya pili ni kile kiunganishi “na”. Kiswahili hukiacha kibebe mambo mengi: pamoja, au kimoja baada ya kingine, au kimoja mahali hapa na kingine mahali pale. Hapa joto na nuru havifanyi kazi pamoja wakati mmoja. Katika njia ya mwaka 1984 ni joto peke yake. Katika njia ya mwaka 1990 nuru huanza, kisha mara nyingi joto hufuata ili kukamilisha.

Na nuru yenyewe si ile ya kuonea. Ni mionzi ya urujuanimno, isiyoonekana kwa jicho na yenye kulidhuru. Najua tunalo neno zuri “usanisinuru” kwa kazi ya majani ya mimea, na nilishawishika kulitumia hapa. Lakini katika jani nuru ndiyo inayotoa nguvu ya kujenga. Katika habari yetu nuru hufanya kazi ya mlangoni tu, na ujenzi hufuata. Neno likiwa zuri si sababu ya kulipeleka kila mahali.

Mpaka hapa msomaji aweza kudhani kwamba nimekuja kuomboleza upungufu wa Kiswahili. La, hasha. Nilipomaliza kuyakataa majina yangu, nilimwomba mwenzangu aniache kichwa kando, anisimulie tu kwa Kiswahili nini hutokea chomboni. Akasimulia kwa kalamu na karatasi, nami niliandika vitenzi vyake. Hii ndiyo simulizi, nimeifupisha.

Kipande cha kwanza ni pete ndogo ya kaboni 4. Kikipata joto, kwa kawaida kati ya nyuzi 80 na 160 za Selsiasi, pete hiyo hufunguka, ikawa mnyororo wenye keteni, yaani ncha yenye hamu kubwa ya kushikana na kingine. Kipande cha pili ni alkaini, yenye kaboni 2 zilizofungamana kwa bondi 3. Viwili hivyo huungana, na pete nyingine ndogo ikapatikana. Hiyo nayo hufunguka. Safari hii mnyororo ni mrefu zaidi, na ncha zake mbili hukaribiana, zikashikana, na pete ya kaboni 6 ikajifunga. Mwishowe haidrojeni 1 huhama kutoka kwenye kaboni ikaenda kwenye oksijeni, na pete imekuwa fenoli, aromatiki kamili pamoja na matawi yake. Kwa njia ya nuru, mwanzo tu ndio ulio tofauti: diazoketoni hupokea mionzi, naitrojeni yake hutoka kama gesi, na kundi lililokuwa jirani huhamia kaboni iliyoachwa, mhamo ambao Ludwig Wolff aliueleza mwaka 1902. Hapo keteni imepatikana, na mengine hufuata kama kwanza.

Natuvitazame vitenzi hivi: hufunguka, huungana, hufunguka, hushikana, hujifunga, huhama. Mwenzangu hakutafuta hata kimoja katika kamusi. Vyote vilimjia ulimini. Na kila kimoja kimebeba ndani ya mnyambuliko wake habari ambayo Kiingereza hulazimika kuieleza kwa maneno ya ziada. Chukua funga na fungua: kiambishi cha kutendua chaonyesha kwamba tendo la pili ni marudio ya lile la kwanza, na mkemia asema kwamba kufunguka na kufungika kwa pete hizi ni njia moja iendayo na kurudi. Chukua huungana na hushikana: kauli ya kutendana yasema kwamba hakuna mtenda na mtendwa, bali pande mbili zatoa na kupokea.

Lililo muhimu kuliko yote ni “hufunguka”. Mimi katika rasimu yangu ya aya ya kwanza niliandika “pete hufunguliwa na joto”. Mwenzangu aliifuta, akaandika “pete hufunguka kwa joto”. Nilimwuliza kwa nini. Akanijibu kwamba joto si mkono. Joto huzipa molekuli mwendo na nguvu tu, mpaka nyingine zikaweza kuvuka kilima, na molekuli ikishafika kileleni hujifungua yenyewe, bondi moja ikiachia huku nyingine ikishika, bila ya kitu kingine kuingia kati. Basi mkemia asiyesoma isimu alitofautisha kauli ya kutendwa, yenye mtenda aliyejificha, na kauli ya kutendeka, isiyo na mtenda. Na alitofautisha “na” ya mtenda na “kwa” ya njia. Wala sarufi haimruhusu mtu kuvichanganya: hatusemi “hufunguka na joto”. Lugha yenyewe ilikuwa imelizuia kosa nililolifanya, lakini mimi sikuisikiliza kwa kuwa nilikuwa nikisikiliza Kiingereza.

Tena “kwa” hiyo si pambo. Robert Woodward na Roald Hoffmann walionyesha mwaka 1965 kwamba pete ya namna hii ikifunguka kwa joto, ncha zake mbili hugeuka kuelekea upande mmoja. Na ikifunguka kwa nuru, kila ncha hugeuka kinyume cha mwenziwe. Kwa hiyo “kwa joto” na “kwa nuru” hueleza chanzo cha nguvu na pia namna ya tendo. Kielezi kikibadilika, umbo la kinachopatikana laweza kubadilika. Anayeandika “kwa joto na nuru” kana kwamba ni kitu kimoja amefuta elimu ambayo Hoffmann alipewa kwa ajili yake Tuzo ya Nobel mwaka 1981.

Natazamia pingamizo. Mtu atasema: kamusi za istilahi zahitaji majina, kwa sababu kitu kisicho na jina hakifundishiki. Nakubali; na kazi kubwa iliyofanywa na TUKI katika Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya mwaka 1990 hapana budi ishukuriwe na kila anayeandika sayansi kwa Kiswahili. Nisemalo ni kwamba jina ni nusu ya kazi. Tukikaa kikao cha istilahi huja na orodha ya majina ya Kiingereza upande wa kushoto, na upande wa kulia huwa mtupu, tunaujaza, tunaondoka. Hakuna anayeuliza kitu hicho hufanya nini, wala kwa kauli gani ya kitenzi. Nashauri orodha zetu ziwe na safu ya tatu, safu ya vitenzi, na safu hiyo ijazwe kwanza, na mtu wa sayansi anayesimulia kwa mdomo, kabla ya mtu wa lugha kufungua kamusi.

Mtu mwingine atasema kwamba haya ni mambo madogo, kichwa cha mhadhara mmoja. Si madogo. Hapa Tanzania mtoto husoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, akifika sekondari hugeuziwa Kiingereza, na moja ya hoja zinazotolewa kulitetea jambo hilo ni kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba sayansi. Ushahidi unaoletwa huwa ni tafsiri kama ile yangu, yenye maneno safi na habari potofu. Anayeisoma halaumu mfasiri, hulaumu lugha. Nami niliyeisoma isimu ugenini miaka kadha wa kadha, nikarudi na shahada, nilikuwa karibu kumpa mpinzani wa Kiswahili ushahidi huo kwa mkono wangu mwenyewe.

Kichwa kilichotumika hatimaye tulikiandika wawili, na kina kitenzi ndani yake: “Jinsi Pete ya Aromatiki Inavyojifunga Pamoja na Matawi Yake: Kwa Joto, au kwa Nuru Kisha Joto.” Ni kirefu kuliko kile cha kwanza, na wapo watakaokiona hakina umbo la kitaalamu. Mwenzangu alikisoma mara moja tu, akakipeleka kikapigwe chapa.